Bahasha Tatu za Misima

Sajini Semboja alihesabu vitanda mara mbili. Chumba cha wanaume kilikuwa na vitano, cha wanawake vitatu, na kile chumba kidogo cha nyuma kilikuwa na kimoja. Jumla tisa. Kitabu cha posho alichokibana kwapani kilikuwa na majina kumi na moja.

Tofauti hiyo ndiyo iliyomleta Misima. Ilikuwa Machi 1975, njaa haijaiachia Handeni, na wiki mbili kabla karani wa wilaya alikuja na magunia ya unga wa msaada, ule wa njano ambao watu waliuita unga wa yanga. Karani aligawa kwa vichwa. Alipotazama kitabu aliona kumi na moja, alipotazama vitandani akaona tisa. Akarudi Handeni na unga uliozidi, na maneno juu yake. Bwana Maendeleo wa wilaya hakutaka maelezo marefu. Jambo liwe limeeleweka kabla ya Ijumaa, la sivyo nyumba ya wazee ifungwe na kila mzee arudishwe kwa jamaa zake.

Leo ilikuwa Jumanne. Kati ya wale tisa, sita hawakuwa na jamaa wa kurudishiwa.

"Mimi sioni kwa nini tunazunguka, Ndugu Sajini," alisema Mhina, mwenyekiti wa Chama cha Kutunza Wazee. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na sauti ya kikao. "Fedha anashika mhazini. Fedha zimepungua. Aulizwe mhazini."

"Zimepungua kiasi gani?"

"Hiyo ndiyo kazi yako."

"Ulisema zimepungua. Nilidhani unajua."

Mhina alitabasamu kidogo, akatazama saa yake. Alikuwa na kikao cha ushirika. Semboja alimshukuru, akamwacha aende.

Mhazini alikuwa Mama Bernadina. Alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini kwa miaka ishirini kabla ya kuombwa na wanakijiji wenzake awawekee hesabu wazee wao. Chama chenyewe kilikuwa cha wanakijiji. Kila mkulima alikatwa senti tano kwa kila kilo ya pamba, na fedha hizo ndizo zilizojenga nyumba, zikanunua mablanketi na dawa za macho. Mama Bernadina alikuwa ameshaweka funguo zote mezani kabla Semboja hajakaa.

"Za kabati, za stoo, za sanduku," alisema. "Sanduku lina shilingi mia mbili na kumi na mbili. Hesabu mwenyewe."

Semboja alihesabu. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

"Majina mawili hayana vitanda, mama. Mbaruku na Sironka."

"Hao wanaishi nje. Mzee Sironka yuko kwenye boma lake, huko nyuma ya Mkata. Alikaa hapa wiki moja, akasema hawezi kulala mahali asiposikia ng'ombe. Mzee Mbaruku yuko Korogwe ya Zamani, kwa binti yake. Miguu ilimshinda. Kamati ilikubali waendelee kusaidiwa huko huko."

"Wanapata nini?"

"Wa humu ndani wanapata shilingi kumi kila mwezi, maana chakula tunawapa. Wale wawili wanapata arobaini kila mmoja, wajinunulie."

"Unawapelekea mwenyewe?"

"Mimi nalipa mezani hapa. Halafu bahasha tatu zinatoka pamoja na kitabu. Ya Sironka, ya Mbaruku, na ya Bibi Hajira wa chumba cha nyuma. Bibi haoni, na hataki kupokea fedha ila kwa mkono wa mwenyekiti. Ni shangazi yake. Bahasha zote namkabidhi Kaleb, katibu wetu, na baada ya siku tatu nne kitabu kinarudi kikiwa kimejaa."

Semboja alifungua kitabu. Kila mwezi ulikuwa na ukurasa wake, majina upande wa kushoto, alama za madole gumba upande wa kulia, kwa wino wa zambarau. Jina la Mbaruku halikuwa na dole. Mbele yake palikuwa na sahihi ya herufi za Kiarabu, ndogo na safi. Aligeuza kurasa. Januari 1974, Februari, Machi, Aprili, sahihi ile ile. Mei, dole gumba. Na dole gumba kila mwezi baada ya hapo mpaka Februari ya mwaka huu.

"Huyu aliacha kuandika?"

"Kaleb aliniambia amepooza mkono."

"Ulikwenda kumwona?"

"Sikwenda," alisema.

"Kaleb yuko wapi?"

"Korogwe. Semina ya walimu wa elimu ya watu wazima. Aliondoka Jumamosi."

Semboja aliandika kwenye daftari lake: miezi kumi, shilingi arobaini, jumla mia nne. Chini yake akaandika: Kaleb, Jumamosi.

*

Kesho yake asubuhi Landrova ya polisi ilimfikisha Mkata, na kutoka hapo wakaacha barabara kuu wakafuata njia ya ng'ombe kwa mwendo wa saa nzima. Mifugo waliyopita ilikuwa imekonda mpaka mifupa ya nyonga inaonekana. Bomani alipokelewa na mwanamke mzee mrefu, Naisula, mke wa Sironka, ambaye alimpa kigoda kabla ya kumwuliza anataka nini.

"Shikamoo, mzee," alisema Semboja, Sironka alipotoka.

"Marahaba. Wewe ni wa serikali."

"Ni polisi, mzee, kutoka Handeni. Nataka kujua kama fedha za wazee wa Misima zinakufikia."

"Zinafika. Kaleb analeta, kwa baiskeli. Noti mbili za ishirini. Anakunywa maziwa kama yapo, tunazungumza, anaondoka."

"Hajakosa mwezi?"

Sironka alimgeukia mkewe, wakasemezana kwa Kimaasai. "Mmoja," alisema Naisula kwa Kiswahili. "Mvua ya mwezi wa nne, mto ulijaa. Mwezi uliofuata alileta noti nne, mzee akaweka madole mawili."

Semboja alitoa kidau cha wino na karatasi, akaomba dole la mzee. Lilikuwa na kovu refu lililolikata katikati. Alilinganisha na kitabu, na kovu lilikuwa pale, katika kila ukurasa.

"Mmekuja gari zima kwa ajili ya shilingi arobaini," alisema Sironka akijifuta wino kwenye shuka.

"Ni mia nne, mzee. Na si zako, ni za Mzee Mbaruku wa Korogwe. Zako zimefika."

"Basi Kaleb si mwizi."

"Kwako si mwizi."

"Mtu anayeweza kuninyima mimi bila mtu kujua, huku porini, na hajaninyima," alisema Sironka, "kwa nini amwibie mtu aliyeko mjini?"

Semboja alitoa daftari. Aliliandika swali hilo.

*

Korogwe ya Zamani walifika saa tisa alasiri. Nyumba ya Zamda, binti wa Mbaruku, haikuwa mbali na mto, na Semboja alipobisha hodi alimkuta mzee mwenyewe kibarazani, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, kitabu kimefunguliwa mapajani. Alikuwa akiandika pembeni mwa ukurasa kwa kalamu iliyokuwa katika mkono wa kulia.

Semboja aliamkia, akaketi, akaitazama kalamu mpaka ikasimama.

"Mkono wako ni mzima, mzee."

"Alhamdulillahi. Miguu ndiyo imekataa. Kwa nini uniulize mkono?"

Semboja alimfungulia ukurasa wa Mei. Mbaruku aliusogeza karibu na macho, akausogeza mbali, kisha akauweka chini.

"Nimesomesha watoto Kurani miaka thelathini," alisema. "Tangu nizaliwe sijawahi kuweka dole kwenye karatasi ya mtu."

"Fedha ulizipata?"

"Mara ya mwisho ni mwezi wa nne mwaka jana. Baada ya hapo kimya. Nikaandika barua kwa mwenyekiti, kuuliza tu, maana huenda nilikuwa nimekosea jambo. Akanijibu."

"Barua hiyo unayo?"

Mzee alimwita binti yake. Zamda alikuja na kifuko cha plastiki, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mhuri wa chama na sahihi ya Mhina. Ilisema kwamba kwa sababu ya hali ya mvua na kushuka kwa mavuno ya pamba, kamati imeona isiwalipe tena wanachama wanaoishi nje ya nyumba, na inamwombea mzee afya njema.

"Nilimwambia baba twende Misima tukaulize," alisema Zamda. "Alikataa. Alisema hawezi kwenda kugombania sadaka. Miezi yote hii nauza vitumbua asubuhi, mchana nafua nguo za watu. Mwezi wa kumi na mbili tulikula mlo mmoja kwa siku, na yeye akiniambia amefunga sunna."

"Zamda," alisema mzee.

"Nasema kweli, baba."

Semboja aliomba barua, akamwandikia stakabadhi ya polisi. Ndani ya Landrova aliisoma tena. Ilimwonyesha kwamba Mbaruku alinyimwa, na nani aliyemwandikia. Haikumwonyesha fedha zilikwenda mfukoni mwa nani. Mhina angeweza kusema kwamba kamati ilikata, fedha zikabaki sandukuni, na aliyeendelea kuandika jina la Mbaruku ni mhazini.

Semboja alimpata Kaleb kwenye ukumbi wa semina, akitoka na chaki mikononi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na aliposikia jina la Mbaruku hakutazama pembeni.

"Korogwe siendi tena tangu mwezi wa tano mwaka jana," alisema. "Mwenyekiti aliniambia nisijichoshe na baiskeli, yeye huku anakuja kila mwezi kwa mambo ya ushirika. Mimi naanza kwa Sironka. Nikirudi namkabidhi mwenyekiti kitabu na bahasha mbili, ya Mbaruku na ya shangazi yake. Baada ya siku mbili ananirudishia kitabu, nakipeleka kwa mama."

"Habari ya kupooza umeitoa wapi?"

"Kwake. Niliona dole badala ya sahihi, nikauliza."

"Na mhazini hukumwambia kwamba bahasha inapita mkono mwingine?"

"Niliona ni jambo dogo. Mwenyekiti ni mwenyekiti."

"Una shahidi?"

Kaleb alifikiri. "Tulikuwa tunakabidhiana wawili tu," alisema.

Basi lilikuwa neno la katibu dhidi ya neno la mwenyekiti. Semboja alikwenda kituo cha polisi cha Korogwe, akakiweka kitabu juu ya meza iliyo karibu na dirisha wakati jua bado lipo, akatoa kioo cha kukuzia. Alianza na dole la Mbaruku la Mei. Akalipeleka jicho kwenye la Juni, la Julai, mpaka la Februari. Mtu mmoja, miezi kumi. Upande wa chini palikuwa na alama mbili ndogo zilizokatiza mistari, kama mtu aliyewahi kukatwa na kisu cha kumenyea mihogo. Halikuwa la Sironka.

Akaanza kushuka na majina mengine, moja baada ya jingine. Jina la nne ndilo lililomsimamisha. Alama mbili ndogo zilikuwa pale. Lilikuwa jina la Hajira.

Kisha akaona jambo jingine ambalo halikuhitaji kioo. Katika kila ukurasa, dole la Hajira lilikuwa limekoza, na lile la Mbaruku limefifia. Kidole kilichochovywa kwenye wino mara moja kilikuwa kimegandamizwa mara mbili.

*

Alhamisi asubuhi alimwomba Mama Bernadina asimame mlangoni awe shahidi, akaingia chumba cha nyuma. Bibi Hajira alikuwa ameketi kitandani, akisuka ukili kwa vidole visivyohitaji macho.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Semboja, ni polisi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia tangu juzi. Una viatu vizito."

"Nimekuja kuuliza habari ya posho. Inakufikia?"

"Shilingi kumi, kila mwezi. Mhina ananiletea. Ni mtoto wa kaka yangu, nimemlea mimi mama yake alipofariki. Hanidhulumu."

"Sina shaka kwamba zako zinafika, bibi. Akija anafanya nini?"

"Ananiamkia. Ananiwekea noti mkononi, naikunja. Halafu ananishika kidole, ananiwekea kwenye kitabu." Ukili uliendelea kwenda. "Halafu tena."

"Tena vipi?"

"Mara ya pili. Ananiambia shangazi, cha kwanza hakikutoka vizuri, tuweke tena."

"Kila mwezi hakitoki vizuri?"

Vidole vilisimama. Bibi Hajira aligeuza uso wake upande wa sauti ya Semboja. Nje mtu alikuwa akichanja kuni.

"Nilidhani ni uzee," alisema. "Nilidhani ngozi imeisha."

Bibi alikisugua kidole gumba chake.

"Hicho cha pili ni cha nani?"

"Kimewekwa penye jina la Mzee Mbaruku."

"Mwalimu Mbaruku?" Alivuta pumzi. "Mbaruku ndiye aliyesoma dua kaka yangu alipozikwa. Baba yake Mhina." Akanyoosha mkono wake wa kulia. "Chukua kidole changu uone kama ni hicho."

Semboja alikipaka wino, akakigandamiza kwenye karatasi safi mara moja tu. Alama mbili zilitoka wazi. Alimsomea maelezo yake yote aliyoyaandika, taratibu.

"Nikiweka dole kwenye karatasi hiyo, ndiyo itakayomfunga?"

"Itasaidia, bibi. Sitakudanganya."

"Na nisipoweka?"

"Nitakuwa na barua yake na neno la Kaleb. Atasema ni Mama Bernadina. Kesho nyumba itafungwa."

Bibi Hajira aligeukia mlangoni. "Bernadina, upo hapo?"

"Nipo, bibi."

"Mzee Semkiwa wa chumba cha wanaume akitoka hapa anakwenda wapi?"

"Hana pa kwenda."

Bibi alinyoosha mkono tena. Safari hii alikitafuta kidau mwenyewe kwa kupapasa.

*

Mhina alikuja saa sita kasoro, alivyoagizwa. Aliketi upande wa wageni, kwa kuwa Semboja alikuwa amekalia kiti chake. Kitabu kilikuwa mezani, na pembeni yake ile barua yenye mhuri, karatasi ya madole, na maelezo yaliyokunjwa.

"Mama Bernadina amekiri?" aliuliza.

"Barua hii ni yako?"

Mhina aliisoma kana kwamba hajawahi kuiona. "Ni yangu. Kamati ilikuwa na hali ngumu."

"Muhtasari wa kamati hauna uamuzi huo. Nimeusoma wote."

"Yalikuwa mazungumzo. Kama mhazini aliendelea kuandika fedha za mtu aliyekatwa, huo ni wizi wake."

"Dole hili la nani?"

"La Mbaruku, bila shaka. Au la mtu wake yeye mhazini."

Semboja alizungusha kitabu, akaweka kioo juu ya dole la Mbaruku, akamsubiri mwenzake aangalie. Kisha akakisogeza kioo juu ya dole la Hajira. Halafu juu ya karatasi ya asubuhi, ambayo wino wake ulikuwa bado mpya. Mhina alitazama mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili polepole. Mara ya tatu hakuinama.

"Amesema?" aliuliza.

"Amesema ulimwambia cha kwanza hakikutoka vizuri."

Mwenyekiti alitoa leso, akajifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu.

"Operesheni Vijiji ilipokuja nilikuwa wa kwanza kuhamia kijijini," alisema. "Ilibidi. Mimi ni mwenyekiti, nisingeweza kuburutwa. Nyumba yangu ya bati niliiacha kule, watu wakaing'oa ndani ya siku mbili. Wanangu saba walilala chini ya paa la nyasi mvua zote. Nikaona Mbaruku ana binti mjini, hatakufa njaa. Nilisema mwezi mmoja. Halafu miwili. Nilikuwa narudisha baada ya pamba."

"Pamba imeshauzwa."

"Pamba haikuwepo."

"Na Mama Bernadina ulitaka aende wapi?"

Semboja alimpa karatasi na kalamu. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea vikao, kurasa mbili, akatia sahihi. Semboja aliongeza saa na tarehe, akamwita Mama Bernadina ashuhudie, kisha akazisukuma funguo zote upande wake. Akamwambia pia kwamba taarifa itamfikia Bwana Maendeleo leo leo, na kwamba Mzee Mbaruku anadaiwa na chama miezi kumi.

"Nitampelekea mwenyewe," alisema Mama Bernadina. "Kwa miguu yangu."

Njia ya kwenda kwenye Landrova ilipita uani, na uani wazee walikuwa wameshaketi kula. Ugali wa njano ulikuwa unafuka moshi kwenye sinia. Mazungumzo yalikoma. Mhina alitembea akitazama chini, Semboja nyuma yake hatua moja, na walikuwa wamekaribia lango wakati Bibi Hajira, aliyekuwa ameletwa nje kwa mkono, alipoinua kichwa.

"Mhina."

Alisimama. "Naam, shangazi."

"Umekula?"

Mhina aligeuka, akamtazama.

"Huko uendako hawatakupa chakula leo," alisema bibi. "Bernadina, mnawishe mikono."

Mama Bernadina alimtazama Semboja. Semboja alitazama saa yake, akaenda kuegemea mlango wa gari. Mwenyekiti alirudi, akachuchumaa kwenye sinia kati ya wazee, akanyoosha mikono yake miwili juu ya beseni. Mama Bernadina alishika birika, akayamimina maji polepole mpaka yakaisha.

Shangazi alimega tonge, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mtoto wa kaka yake, akamwekea.